ELIMU KWA UMMA: Utarajali Nchini Marekani kwa Viza ya J-1

Katika kata zetu wapo vijana waliohitimu au wanaokaribia kuhitimu vyuo, ambao hupokea taarifa za nafasi za mafunzo kwa vitendo katika hoteli, mashamba na ofisi za Marekani. Nafasi za kweli zipo. Zipo pia za uongo, na familia inayouza kiwanja au ng'ombe ili kulipia nafasi ya uongo haina namna rahisi ya kurejeshewa mali yake. Somo hili linaeleza utaratibu ulivyo, ili mwananchi aweze kupima mwenyewe ahadi anayopewa.

Asili na madhumuni ya mpango

Viza ya J-1 hutolewa chini ya Mpango wa Wageni wa Mabadilishano, unaotokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1961 kuhusu mabadilishano ya elimu na utamaduni. Msimamizi wake ni Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Kwa asili hiyo, utarajali chini ya viza hii ni mafunzo, wala si ajira ya kawaida. Mwajiri wa Marekani hawezi kuutumia kuziba pengo la wafanyakazi wake, na haruhusiwi kumwondoa Mmarekani kazini ili ampe nafasi mtarajali.

Nani mwenye sifa

Mtarajali ni mtu anayesoma katika chuo kilicho nje ya Marekani, kinachotoa shahada, stashahada au cheti baada ya elimu ya sekondari, au aliyehitimu chuo hicho ndani ya miezi 12 kabla ya mafunzo kuanza. Muda wa utarajali hauzidi miezi 12. Aliyehitimu zamani huangukia kundi jingine, ambalo hudai shahada au cheti cha taaluma pamoja na uzoefu wa kazi wa mwaka mmoja nje ya Marekani, au uzoefu wa miaka mitano katika fani husika. Basi anayemwahidi kijana wa kidato cha nne au cha sita nafasi ya utarajali kwa J-1 anaahidi jambo lisilokuwepo katika kanuni.

Pande tatu za makubaliano

Utarajali husimama juu ya pande tatu: mtarajali, taasisi mwenyeji na mdhamini. Mdhamini ni asasi iliyoidhinishwa na Wizara hiyo, na ndiye pekee anayetoa Fomu DS-2019, ambayo bila hiyo ombi la viza ya J-1 halisikilizwi. Hoteli au kampuni inayomhitaji mtarajali haiwezi kujitolea fomu hiyo isipokuwa nayo imeidhinishwa kuwa mdhamini. Orodha ya wadhamini imo katika tovuti rasmi ya mpango, j1visa.state.gov, na kila mtu anaweza kuisoma bila malipo.

Waraka wa pili ni Fomu DS-7002, yaani mpango wa mafunzo. Hutiwa saini na pande zote tatu kabla DS-2019 haijatolewa. Ndani yake huandikwa jina la msimamizi, ujuzi utakaofundishwa katika kila hatua, namna ya kupima maendeleo, na posho kama ipo. Kijana na ausome mstari kwa mstari, kwa kuwa ndio utakaomlinda akifika huko.

Yanayokubaliwa na yanayokatazwa

Mafunzo lazima yafikie angalau saa 32 kwa wiki. Kazi za ukarani hazipaswi kuzidi asilimia 20 ya muda. Kazi zisizohitaji ujuzi zimekatazwa. Vivyo hivyo kulea watoto, kutunza wazee, na kazi za tiba zinazomgusa mgonjwa. Katika hoteli na utalii, mafunzo ya miezi sita au zaidi ni sharti yapite katika idara zisizopungua tatu.

Tuchukue mfano. Mwanafunzi wa stashahada ya hoteli amepewa mpango wa miezi 12. Ukisema ataanza mapokezi, aende jikoni, kisha huduma ya chakula, na kila hatua ina msimamizi na malengo yake, mpango huo unafuata kanuni. Ukisema tu kwamba atasafisha vyumba mwaka mzima, au atapangiwa "kazi mbalimbali", hapo hakuna mafunzo. Asitie saini.

Gharama na bima

Mdhamini anaweza kutoza ada ya huduma, na anapaswa kuieleza mapema. Mtarajali hulipa pia ada ya SEVIS ya dola 220, inayokwenda Serikali ya Marekani, pamoja na ada ya ombi la viza. Bima ya afya ni lazima kwa muda wote, na kiwango chake cha chini ni dola 100,000 kwa kila ugonjwa au ajali. Usilipe fedha kwa mtu binafsi kupitia namba ya simu, wala usimwachie wakala pasipoti yako.

Hatua za kuchukua

1. Tafuta jina la mdhamini katika orodha rasmi.
2. Dai kuiona DS-7002 kabla ya kulipa fedha kubwa.
3. Uliza Ubalozi wa Marekani, Dar es Salaam, kama viza hii inatolewa kwa Watanzania kwa wakati huo, maana masharti hubadilika kwa amri za Serikali yao.
4. Angalia kama viza yako itaambatana na sharti la kurudi na kukaa nyumbani miaka miwili, ambalo huwahusu baadhi ya washiriki.
5. Achia wazazi nakala za nyaraka zote.

Anayekusanya vijana kwa ahadi za uongo ili awatumikishe anaweza kushtakiwa kwa Sheria ya Kuzuia Biashara Haramu ya Binadamu ya mwaka 2008. Mwenye shaka na afike kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yake au kituo cha polisi, akiwa na nyaraka alizopewa, kabla fedha hazijatoka mkononi.