MTU ALIYEANDIKA HABARI ZA RELI



Katika stesheni ya Mwanza utaona reli inayokwenda hadi Tabora. Urefu wake ni karibu kilomita 380. Pamba nyingi ya Usukuma ilisafirishwa kwa njia hiyo. Je, reli hii ilifika Mwanza mwaka gani? Ilifika mwaka 1928. Tunajua hivyo kwa sababu kuna watu walioandika.

Mmoja wao ni M. F. Hill, Mwingereza aliyeishi Kenya. Alikuwa mwandishi wa habari na mhariri wa gazeti la Kenya Weekly News. Mwaka 1949 alitoa kitabu juu ya reli ya Kenya na Uganda. Reli hiyo ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Ilifika Kisumu, ng'ambo ya ziwa letu, mwaka 1901. Mwaka 1957 alitoa kitabu cha pili, juu ya reli za Tanganyika. Vitabu vyote viwili aliviita Permanent Way, yaani njia ya kudumu. Mafundi huita hivyo njia yenyewe ya gari moshi: reli, mataruma na kokoto.

Gazeti husomwa leo, kesho hufungiwa karanga. Kitabu hukaa miaka mingi. Hill alifanya kazi zote mbili.

Lakini Hill aliandika wakati wa ukoloni. Makaratasi ya ofisi yalitunza zaidi majina ya wakubwa na mainjinia. Je, aliyechimba udongo na kubeba mataruma? Wengi wa watu hao hawakujua kuandika. Walipokufa, habari zao zilikwenda nao kaburini.

Mkulima akipima pamba yake, hutaka kilo ziandikwe. Wahenga walisema: Mali bila daftari huisha bila habari. Kazi ya watu nayo ni mali.

Sasa wewe unajua kuandika. Mwaka 2021 ilianza kujengwa reli mpya kati ya Mwanza na Isaka. Nani ataandika habari za watu wake? Unaweza kuanza wewe. Fanya hivi:

1. Andika jina la anayekueleza, kijiji chake na tarehe.
2. Uliza: Nani? Wapi? Lini? Kwa nini?
3. Tenga aliyoyaona mwenyewe na aliyoyasikia.
4. Uliza mtu wa pili. Wakitofautiana, andika maneno ya wote wawili.
5. Kama mwaka haujulikani, tafuta jambo kubwa la wakati huo. Mzee anasema: "Gari moshi lilipofika Mwanza, baba alikuwa mtoto wa miaka kumi hivi." Toa 10 katika 1928. Baba huyo alizaliwa karibu mwaka 1918.

MANENO MAPYA

Mhariri: mtu anayesoma na kusahihisha habari kabla hazijachapwa.
Mataruma: magogo au vyuma vinavyolazwa chini ya reli ili kuishika.

MASWALI

1. Reli ilifika Kisumu mwaka gani? Ilifika Mwanza mwaka gani?
2. Miaka mingapi ilipita kati ya kufika Kisumu na kufika Mwanza?
3. Kwa nini majina ya vibarua wengi hayajulikani?

ZOEZI

Mwulize mzee mmoja wa kijiji chako habari za kazi aliyoifanya ujanani. Andika sentensi tano. Msomee mwenyewe kwanza, arekebishe. Kisha lisomee darasa.