Lugha ya Jaribio: Uandishi wa Sehemu ya Mbinu katika Utafiti wa Kisaikolojia

Katika tasnifu nyingi, sehemu ya mbinu za utafiti huandikwa kana kwamba ni wajibu wa kutimizwa tu. Mara nyingi maelezo yake huishia katika sentensi kama hii: "Watoto walipewa jaribio la kumbukumbu kwa Kiswahili." Makala haya yanashikilia kuwa maneno mawili ya mwisho, "kwa Kiswahili", huficha mengi kuliko yanavyofichua, na kwamba anayeumia kutokana na ufupi huo ni mtoto aliyepimwa.

Chukua mfano wa Mwabungo, kijiji cha pwani ya kusini ya Kenya katika Kaunti ya Kwale. Mtoto wa Kidigo huko huzungumza Chidigo nyumbani, hutumia Kiswahili dukani na kwa wageni, na hukutana na Kiingereza darasani. Chidigo na Kiswahili ni lugha za jamii moja, na ukaribu huo ndio unaompumbaza mtafiti. Maji kwa Chidigo ni madzi. Tano ni tsano. Mtoto huelewa, hujibu, na mtafiti huandika kuwa hapakuwa na tatizo la lugha. Hata hivyo, kuelewa neno si sawa na kulikumbuka upesi, na jaribio la kumbukumbu hupima hilo la pili.

Suala hili lilikwisha kuthibitishwa mbali na Afrika Mashariki. Mwaka 1980, Ellis na Hennelly walichapisha utafiti kuhusu watu waliozungumza Kiwelisi na Kiingereza. Watu hao walikumbuka tarakimu chache zaidi kwa Kiwelisi, kwa sababu majina ya tarakimu katika lugha hiyo huchukua muda mrefu zaidi kutamkwa. Akili zao hazikuwa zimepungua. Maneno ndiyo yaliyokuwa marefu. Msomaji na ahesabu mwenyewe: kuanzia moja hadi tisa, kila jina la tarakimu katika Kiswahili lina silabi mbili, ilhali katika Kiingereza ni moja tu, ile ya saba, yenye silabi mbili. Kwa hiyo mtafiti anayelinganisha alama za watoto wa Mwabungo na viwango vilivyowekwa kwa watoto wa Uingereza, bila kueleza tarakimu zilisomwa kwa lugha gani, huenda akawapachika watoto hao upungufu wa akili uliotokana na hesabu ya silabi.

Mfano wa maelezo ya kutosha unapatikana katika wilaya zilizoitwa wakati huo Kwale na Msambweni. Kati ya mwaka 2010 na 2012, mradi uliojulikana kama HALI ulichunguza iwapo kuwapima wanafunzi malaria shuleni mara kwa mara, na kuwatibu walioambukizwa, kungepunguza upungufu wa damu na kuimarisha umakini wao. Ripoti yake ya mwaka 2014 inataja shule 101 na watoto 5,233 wa darasa la kwanza na la tano, na inaeleza kuwa zilizogawanywa kwa nasibu ni shule, si mtoto mmojammoja. Umakini wa wadogo ulipimwa kwa jaribio la kugonga penseli kufuatana na migongo ya mpimaji. Wakubwa walisikiliza mfululizo wa tarakimu wakingoja tarakimu maalumu ijirudie. Baada ya miezi 24, haikuonekana tofauti katika upungufu wa damu wala katika umakini. Matokeo ya namna hiyo hayana thamani yoyote ikiwa mbinu hazikuelezwa, kwani msomaji hawezi kujua kama tiba haikusaidia au kipimo ndicho kilichokosea.

Sentensi ile ya mwanzo, basi, ingeandikwa hivi: "Tarakimu zilisomwa kwa Kiswahili, moja kwa kila sekunde, na mpimaji mzungumzaji wa Chidigo ambaye si mwalimu wa shule hiyo. Maelekezo yalitolewa kwa Kiswahili, yakarudiwa kwa Chidigo. Jibu la lugha yoyote kati ya hizo mbili lilikubaliwa. Vipimo vilifanyika saa tatu hadi saa tano asubuhi, nje ya mwezi wa Ramadhani." Hapa kauli ya kutendwa, ambayo wanafunzi huipenda kwa kuwa inasikika kitaalamu, haikuachwa imfiche mtenda. "Walipewa" na nani? Mtoto hamjibu mwalimu wake kama anavyomjibu mgeni aliyeshuka garini. Njeo nayo iangaliwe: tasnifu iliyokamilika haipaswi kusema "hojaji zitasambazwa". Kiambishi -ta- ni cha pendekezo la utafiti, na kikisalia hudhihirisha kuwa sehemu nzima ilinakiliwa bila kusomwa upya.

Idadi ya washiriki, umri na jinsia ni mambo mepesi kuyaandika. Ila umri utolewe pamoja na mawanda yake, kwani darasa moja laweza kuwa na watoto waliopishana miaka kadhaa, hasa tangu elimu ya msingi ya bure ilipoanza Kenya mwaka 2003.

Palipo pagumu ni pale ukamilifu unapogongana na siri. Kibali cha NACOSTI na ridhaa ya wazazi hutajwa kwa sentensi mbili na wengi hudhani wamemaliza. Lakini ukiandika jina la kijiji, darasa, na kwamba mshiriki mmoja alikuwa msichana wa miaka 11 mwenye kifafa, kijiji kizima kitamjua hata kama jina lake limefutwa. Katika hali hiyo, mtafiti ataje kaunti na aina ya makazi, aeleze lugha kwa ukamilifu, na jina la Mwabungo aliache nje ya tasnifu.