JE, BIASHARA YA WATU ILIKWISHA MWAKA 1873?
(Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne)

Katika somo la historia twajifunza kwamba tarehe 5 Juni, 1873, Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba na Waingereza, na soko la watumwa la Mkunazini likafungwa. Hapo wengi wetu hufunga daftari, tukidhani kwamba habari imekwisha. Nia yangu katika makala haya ni kuonyesha kwamba haikwisha, kueleza sheria ambayo mataifa yamejiwekea juu ya jambo hili, na kueleza kwa nini yatupasa kuijua, hasa sisi tulio karibu kuondoka shuleni.

Mafunzo mawili ya zamani

Mkataba wa 1873 ulikataza watumwa kusafirishwa kwa njia ya bahari. Je, wafanya biashara walifanyaje? Waliacha majahazi, wakawatembeza watu kwa miguu kando ya pwani kuelekea kaskazini. Ikambidi Sultani atoe amri nyingine mwaka 1876 ili kuzuia misafara ya nchi kavu. Funzo la kwanza basi ni hili: ukiziba njia moja na faida ikabaki palepale, mwenye tamaa atatafuta njia nyingine.

Mwaka 1897 ilitolewa amri ya kuufuta utumwa mbele ya sheria katika Unguja na Pemba. Lakini aliyetaka uhuru ilimpasa aende mwenyewe mahakamani kuuomba. Bwana wake alilipwa fidia. Yeye mtumwa hakulipwa kitu, na kama hakuweza kuonyesha makao na njia ya kupata riziki, aliweza kuhesabiwa mzururaji. Hebu jiweke mahali pake: huna shamba, huna ndugu wa karibu, na chakula chako chatoka kwa bwana huyo huyo unayetakiwa kumshtaki. Ungekwenda? Wengi hawakwenda. Funzo la pili ni kwamba sheria inayomngoja mnyonge aje mwenyewe kudai haki yake huwafikia wachache.

Nawaomba wasomaji wayashike mafunzo hayo mawili, maana tutayahitaji mbele.

Mataifa yaanza kupatana

Mwaka 1904 nchi kadhaa zilipatana huko Paris kuzuia wanawake wasichukuliwe nchi za nje kwa ajili ya ukahaba. Mwaka 1926 Shirikisho la Mataifa, lililokuwapo kabla ya Umoja wa Mataifa, lilitoa Mkataba wa Utumwa. Mwaka 1930 Shirika la Kazi Duniani likatoa mkataba juu ya kazi ya kulazimishwa. Tangazo la Haki za Binadamu la mwaka 1948, kifungu cha 4, likasema kwamba hakuna mtu atakayewekwa utumwani. Mwaka 1949 ukafuata mkataba mwingine juu ya biashara ya watu na ukahaba.

Yote hayo yalikuwa mema, ila kila mkataba ulitazama upande mmoja wa jambo. Mmoja ulitazama ukahaba, mwingine kazi ya nguvu, mwingine umiliki wa mtu. Mfanya biashara mwerevu aliweza kupita katikati. Ndipo tarehe 15 Novemba, 2000, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipokubali Itifaki ya kuzuia, kukomesha na kuadhibu biashara ya watu, hasa wanawake na watoto. Huitwa Itifaki ya Palermo, kwa kuwa ilifunguliwa kutiwa sahihi katika mji huo wa Italia mwezi wa Desemba mwaka huo. Ilianza kutumika tarehe 25 Desemba, 2003, na leo zaidi ya nchi 170 zimefungwa nayo. Kenya ilijiunga mwaka 2005, na Tanzania iliithibitisha mwaka 2006.

Mafiga matatu

Itifaki hii yaeleza biashara ya watu ni nini, na maelezo yake husimama juu ya mambo matatu, kama chungu juu ya mafiga.

Figa la kwanza ni tendo: kumtafuta mtu, kumsafirisha, kumhamisha, kumficha au kumpokea.

Figa la pili ni njia iliyotumika: nguvu, vitisho, kuteka, hila, uwongo, kutumia vibaya madaraka au unyonge wa mtu, au kumlipa yule mwenye mamlaka juu yake ili akubali.

Figa la tatu ni kusudi, yaani kumtumia mtu kwa faida ya mwingine: ukahaba, kazi ya kulazimishwa, utumwa au hali inayofanana nao, au kumtoa viungo vya mwili.

Mtu aweza kuuliza, "Je, kama mwenyewe alikubali?" Itifaki yajibu kwamba ikiwa njia mojawapo ya figa la pili ilitumika, kukubali kwake si kitu. Na jibu hilo lina haki. Aliyeambiwa kwamba anakwenda kuuza duka, kisha akafungiwa ndani, hakukubali kufungiwa. Alikubali duka ambalo halikuwapo.

Kwa mtoto, yaani mtu yeyote aliye chini ya miaka 18, sheria huenda mbali zaidi. Figa la pili halitafutwi kabisa. Tendo na kusudi vyatosha, hata kama hakuna aliyemdanganya wala kumtisha. Mimi nina miaka kumi na saba, na wengi tunaokaa pamoja bwenini hatujafika kumi na minane. Mbele ya sheria hii sisi bado ni watoto, ingawa hatupendi kuitwa hivyo.

Yafaa pia tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuvusha watu mpakani kwa magendo ni kosa juu ya mipaka ya nchi, na mara nyingi anayevushwa amelipa mwenyewe na huachwa akifika. Biashara ya watu ni kosa juu ya mtu mwenyewe, na taabu yake huanza pale anapofika. Tena si lazima avuke mpaka. Sheria yetu humtia hatiani hata anayemtoa mtu kijijini na kumpeleka mjini kwa kusudi hilo.

Shauri la msichana wa Togo

Ili jambo hili lisibaki maneno matupu, nitaeleza shauri moja lililoamuliwa na Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya mwaka 2005. Huitwa shauri la Siliadin dhidi ya Ufaransa.

Siliadin alikuwa msichana wa Togo. Mwezi wa Januari 1994, akiwa na miaka 15, alipelekwa Paris na mwanamke mmoja. Mapatano yalikuwa kwamba atafanya kazi za nyumbani mpaka nauli ya ndege ilipwe, na mwanamke huyo atamtengenezea hati za ukaazi na kumpeleka shule. Badala yake pasipoti yake ilichukuliwa. Baada ya miezi michache "akaazimwa" kwa mume na mke wengine, nao wakamweka. Alifanya kazi tangu saa moja na nusu asubuhi hata saa nne na nusu usiku, karibu kila siku, bila mshahara. Alilala juu ya godoro sakafuni, chumbani mwa watoto, ili awaamkie usiku.

Sehemu moja ya habari hii ilinishangaza kuliko zote. Katikati ya taabu hiyo aliwahi kutoroka, akapata kazi ya kulipwa kwa mtu mwingine. Lakini ndugu wa baba yake, ambaye wale watu walikuwa wamewasiliana naye, alimwambia arudi. Naye, kwa utii, akarudi. Hapakuwa na mnyororo wala bunduki. Palikuwa na heshima kwa mkubwa, na hofu ya polisi kwa kuwa hakuwa na hati. Aliokolewa mwezi wa Julai 1998, baada ya kumweleza jirani habari zake.

Mahakama za Ufaransa zilimpa fidia, lakini waliomtumikisha hawakupata adhabu ya mwisho, maana sheria ya jinai ya nchi hiyo haikutaja waziwazi kosa la kumweka mtu utumwani au utumishi wa namna hiyo. Mahakama ya Ulaya ikaamua kwamba Ufaransa yenyewe ilikosa. Haikutosha serikali kutomtumikisha mtu. Iliipasa pia kuwa na sheria za kumwadhibu anayemtumikisha. Mwaka 2013 Ufaransa iliyatia makosa hayo katika sheria yake ya jinai.

Nguvu na udhaifu wa sheria

Nchi zilizojiunga na Itifaki zinapaswa kufanya mambo matatu: kuadhibu, kuwalinda walioumizwa, na kuzuia. Tanzania ilitunga sheria yake, Na. 6 ya mwaka 2008, na Kenya ikatunga yake mwaka 2010. Sheria ya Kenya ni kali sana: kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili.

Hata hivyo, ukiisoma Itifaki kwa makini utaona tofauti. Katika habari ya kuadhibu, yasema nchi "zitatunga" sheria. Katika habari ya nyumba ya kukaa, matibabu na kazi kwa aliyeokolewa, yasema nchi "zitafikiria" kufanya hivyo. Neno la kwanza ni amri, la pili ni ombi. Hapa ndipo twarudi kwenye amri ya 1897. Aliyeokolewa akiwa hana pa kulala, na akiogopa kufungwa kwa kukosa hati, hatakwenda kutoa ushahidi. Na pasipo ushahidi, miaka 30 ya kifungo ni wino tu.

Shirika la Kazi Duniani na wenzake walikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 27.6 walikuwa katika kazi ya kulazimishwa. Si wote waliosafirishwa na wafanya biashara, lakini hesabu hiyo yaonyesha kwamba faida bado iko palepale, kama mwaka 1873.

Jambo hili na sisi

Msomaji mmoja atasema, "Basi kila shangazi aliyemchukua binti wa kijijini kukaa naye mjini ni mhalifu?" Hasha! Desturi ya kulea mtoto wa ndugu ni njema, na wengi wetu tumesomeshwa hivyo. Tumia mafiga. Je, amechukuliwa kwa kusudi gani? Kama anasoma, anakula na wenziwe, na kusaidia kazi kama watoto wengine wa nyumba, hilo ni malezi. Kama ameahidiwa shule na haioni, anaamka kabla ya wote na kulala baada ya wote, halipwi, na haruhusiwi kusema na mama yake kwa simu, hapo jina la shangazi halibadilishi kitu.

Mwezi wa Novemba tutafanya mtihani wetu wa mwisho, kisha tutakaa nyumbani tukingoja matokeo. Huo ndio wakati ambao watu huja na habari za kazi: hoteli katika mji mkubwa, duka, au kazi za nyumbani katika nchi za Ghuba. Kazi nyingine ni za kweli, nami sisemi tuzikatae zote. Nasema tuulize. Mwajiri ni nani, na yuko wapi? Mkataba uko wapi, nami nimeusoma? Nani atashika pasipoti yangu? Kama nauli ni deni, ni kiasi gani, na litakwisha lini? Anayekukataza kuwauliza wazazi amekwisha kukujibu.

Kwenu wazazi, nasema kwa heshima: tafadhali msituambie "vumilia tu" kabla hamjasikia yote. Yule msichana wa Togo alivumilia kwa sababu mkubwa wake alimwambia arudi. Mtoto anayehitaji msaada, au mtu yeyote anayemwona mtoto katika taabu, aweza kupiga simu namba 116 bila malipo, hapa Tanzania na hata Kenya. Yule jirani wa Paris hakuwa hakimu wala polisi. Alisikiliza, kisha akapeleka habari panapohusika.

Maswali ya kujipima

1. Taja mafiga matatu ya Itifaki ya Palermo. Ni lipi lisilohitajika kwa mtoto, na kwa nini?
2. Linganisha amri ya 1897 na ulinzi wa waliookolewa siku hizi. Wapi zinafanana?
3. Kijana wa miaka 16 amekubali mwenyewe kwenda kuchimba madini, kisha hapewi mshahara wala ruhusa ya kuondoka. Mjadili darasani: aliyempeleka ana kosa gani?