Gemu inagoma kusasishwa

Swali: Nacheza gemu za Steam kwenye kompyuta ya nyumbani. Kila sasisho likikaribia kumalizika linakwama, unakuja ujumbe kwamba diski imeshindwa kuandikwa. Bando linaisha bure. Niifute gemu nianze upya?

Jibu: Usifute, utalipia bando la gemu nzima kwa kosa la faili moja. Angalia kwanza nafasi kwenye diski. Sasisho la GB 2 linaweza kudai nafasi kubwa zaidi ya hiyo, kwa sababu Steam huunda upya faili kubwa pembeni ndipo iondoe ile ya zamani. Wengi hukwamia hapa.

Nafasi ikiwepo, bofya jina la gemu kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua sifa zake, nenda kwenye faili zilizosakinishwa, uagize zikaguliwe. Zilizoharibika tu ndizo zitakazopakuliwa tena.

Bado? Huenda programu ya kuzuia virusi inaizuia folda ya gemu. Iruhusu folda hiyo peke yake. Kuizima programu yote ni kujitafutia balaa. Ikigoma hata baada ya hapo, mimi ningeshuku diski yenyewe: nakili picha na kazi zako kwingine leo, gemu baadaye.