Kununua na Kuuza Samaki wa Maji ya Chumvi baina ya Wafugaji

Shabaha ya somo

Baada ya kusoma somo hili, msomaji ataweza kukagua samaki na viumbe wengine wa baharini kabla ya kuwalipia, kuandika makubaliano yanayotegemeka, na kutambua yale ambayo sheria haimruhusu kununua wala kuuza.

1. Haki zako mbele ya muuzaji asiye na duka

Wakazi wa Nairobi, Mombasa na miji mingine ya Kenya wanaofuga samaki wa baharini katika matangi ya vioo huuziana viumbe hao wao kwa wao. Mmoja anahama nyumba, mwingine amechoshwa na gharama ya umeme, wa tatu samaki wake wamekua hata tangi haliwatoshi. Mara nyingi bei huwa nafuu kuliko ya dukani, na mnunuzi hupata samaki aliyekwisha kuzoea chakula cha tangini. Hilo si jambo dogo, kwa kuwa samaki aliyetolewa baharini juzi huweza kukataa kula hadi akafa.

Hata hivyo, kinga ya mnunuzi katika biashara hii ni nyembamba. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 inamlenga mtu anayefanya biashara ya kuuza. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa (Sura ya 31) humtaka kila muuzaji awe na haki ya kuuza anachokiuza, na bidhaa ilingane na maelezo yaliyotolewa. Lakini sharti la ubora, lile linalohesabiwa kuwapo hata lisipotajwa, humbana yule tu ambaye kazi yake ni kuuza bidhaa za aina hiyo. Tena, mnunuzi aliyekagua bidhaa hawezi kutegemea sharti hilo kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi wake ulipaswa kuifichua.

Maana yake ni hii: ukinunua kwa mfugaji anayeuza mara moja tu, nawe samaki akafa siku ya tatu, huenda usiwe na la kudai, isipokuwa uthibitishe kwamba ulidanganywa au kwamba ulichopewa sicho ulichoelezwa. (Anayeuza mara kwa mara kwa faida anaweza kuhesabiwa kuwa mfanyabiashara hata kama hana duka.) Kwa hiyo kinga yako kubwa ni ukaguzi unaoufanya kabla ya kulipa, pamoja na maelezo unayoyapata kwa maandishi.

2. Ukaguzi mbele ya tangi

Usitume pesa kwa kuona picha peke yake. Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Nenda nyumbani kwa muuzaji, ukae mbele ya tangi kwa muda usiopungua nusu saa, na ufanye haya:

(a) Mwombe muuzaji awalishe samaki mbele yako. Samaki mzima hukikimbilia chakula. Anayejificha pembeni, anayehema kwa kasi juu ya maji, au anayejikuna kwenye mawe ana tatizo.

(b) Tazama mapezi, macho na tumbo. Mapezi yaliyochanika, macho yenye ukungu na tumbo lililobonyea ni dalili za ugonjwa au njaa.

(c) Tafuta vidoa vyeupe kama chembe za chumvi. Huu ni ugonjwa wa kimelea kiitwacho Cryptocaryon irritans. Wanunuzi wengi hupotezwa na tabia yake: kimelea hukaa mwilini mwa samaki kwa siku 3 hadi 7, kisha hudondoka na kuzaliana chini ya tangi. Siku hizo samaki huonekana safi kabisa, ilhali ugonjwa ungali humo. Muuzaji akikuambia kwamba vidoa “vimepona vyenyewe”, usikubali neno hilo kuwa uthibitisho. Wakague samaki wote wa tangi, si yule unayemtaka tu, maana maji yao ni mamoja.

(d) Pima maji. Amonia na nitriti zisionekane kabisa katika kipimo. Chumvi iwe karibu gramu 35 kwa kila kilo ya maji, na joto liwe kati ya nyuzi 24 na 27 za Selsiasi.

(e) Uliza kama tangi limewahi kutiwa dawa yenye shaba. Dawa hiyo huponya samaki lakini huua kamba, konokono na matumbawe, na mawe huweza kuifyonza. Mawe yaliyotoka katika tangi la aina hiyo yasiingie penye viumbe hao.

3. Maelezo unayoweza kuyathibitisha

Chukua mfano wa samaki mdogo wa rangi ya chungwa na mistari myeupe, ambaye wengi humwita Nemo. Samaki hawa huanza maisha wakiwa madume, kisha aliye mkubwa katika kundi hugeuka jike. Basi, ukiuziwa “jozi iliyokwisha kuoana”, tarajia mmoja awe mkubwa kuliko mwenziwe na wote wawili wakae pamoja bila kupigana. Ukiwaona wana kimo kimoja na wanafukuzana, maelezo hayo yana shaka. Uliza pia umri: akitunzwa vyema, Nemo huweza kuishi zaidi ya miaka 20, kwa hiyo umri wa miaka mitano si uzee.

Kwa kangaja, uliza ukubwa wa tangi alimokulia. Samaki huyu huogelea sana na huendelea kukua. Anayeuzwa kwa bei ya kutupa huenda anauzwa kwa sababu hiyo, na taabu hiyo itahamia kwako.

4. Hatari kwa binadamu

Baadhi ya matumbawe laini yenye vichwa kama maua madogo, yaitwayo zoanthidi, hubeba palitoksini, ambayo ni sumu kali mno. Ukinunua mawe yaliyoota viumbe hawa, vaa glavu na miwani ya kukinga macho. Usiyachemshe mawe hayo wala kuyasugua kwa maji ya moto, kwa kuwa mvuke na matone yake yameshawahi kuwalaza watu hospitalini. Muuzaji anayejua kwamba anavyo viumbe hivi ana wajibu wa kumwonya mnunuzi.

5. Yasiyoruhusiwa

Kuvua au kuokota viumbe katika hifadhi za taifa za baharini, kama vile Malindi, Watamu na Kisite, ni kosa. Matumbawe magumu, farasi wa baharini na kombe wakubwa wa jamii ya Tridacna wamo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa kimataifa wa CITES, na hawavuki mpaka bila kibali. Muulize muuzaji alikowapata, na uombe kuona stakabadhi. Asiye na jibu huenda hana haki ya kuuza.

Usimwachilie baharini samaki usiyemhitaji. Samaki wenye miiba ya sumu wa Bahari ya Hindi na Pasifiki, wa jenasi Pterois, wameenea katika Atlantiki ya magharibi, na inaaminika kwamba walianzia kwenye matangi ya wafugaji wa Florida.

6. Makubaliano na usafirishaji

Andikeni karatasi moja yenye aina na idadi ya viumbe, ugonjwa na dawa zilizotumika, chakula wanachokula, bei, tarehe, na muda wa kurudishiwa pesa ikiwa mmeafikiana. Wote wawili mtie sahihi. Lipa kwa M-Pesa ili ubaki na ujumbe wa malipo.

Muuzaji asiwalishe samaki siku moja kabla ya safari, na kila samaki awe na mfuko wake. Safari ikiwa ndefu, mathalani kutoka Mombasa hadi Nairobi, usiuache mfuko wazi kwa saa nzima. Ukifunguliwa, kabonidayoksaidi hutoka, asidi ya maji hupungua, na amonia iliyojikusanya huzidi kuwa sumu. Sawazisha joto mfuko ukiwa umefungwa, kisha mhamishe samaki upesi katika maji yenye kiwango kilekile cha chumvi. Mtenge katika tangi la peke yake kwa wiki 4 hadi 6.

Mkishindwa kupatana, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, nawe waweza kujisimamia bila wakili. Huko, ile karatasi na ujumbe wa malipo ndivyo vitakavyokusemea.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini samaki asiye na vidoa leo anaweza kuwa mgonjwa?
2. Ni sharti gani la sheria linalomhusu mwenye duka lakini halimhusu mfugaji anayeuza mara moja?
3. Taja mambo manne ambayo ungeyaandika katika makubaliano kabla ya kulipia jozi ya Nemo.