Afya ya Familia: Meza ya Kona na Mgongo wa Mtoto

Kila Januari shule zinapofunguliwa, wazazi hununua madaftari, sare na viatu, na waliojaliwa zaidi huagiza meza ya kusomea. Kwa kuwa vyumba vyetu vingi ni vidogo, meza hiyo huwekwa kwenye kona. Si vibaya. Lakini ikinunuliwa kwa kupendeza macho tu, bila kupima kona wala kumpima mtoto, gharama yake hulipwa na shingo, mgongo na wakati mwingine ngozi ya mtoto. Ndiyo sababu tunaizungumzia katika ukurasa huu wa afya.

Tulimpokea mwanafunzi mmoja wa darasa la sita aliyeumwa shingo na kichwa kila jioni. Kwa majuma kadhaa wazazi walikuwa wakimpa vidonge vya maumivu kutoka dukani. Tulimpima, hatukuona ugonjwa. Tulipomwuliza anasomea wapi, alijibu: kitandani, maana meza mpya imejaza kona na kiti hakiingii. Ilikuwa meza ya kulia chakula, ya mninga, nzuri kweli. Akiketi ukingoni mwa kitanda ilimfika karibu na kwapa, naye aliandika bega moja likiwa limepanda mpaka sikioni. Seremala aliipunguza upana na miguu, na maumivu yakaisha bila dawa.

Basi tuanze na kona. Chumba cha futi 10 kwa 10 kina sentimita 305 kila upande. Kitanda cha futi 4 kwa 6 kikisukumwa pembeni, kwenye ukuta wa urefu wake hubaki futi 4, yaani sentimita 122. Hapo ndipo meza na kiti vinapaswa kuenea. Meza yenye upana wa sentimita 50 itabakiza 72 kati yake na kitanda, na mtoto atavuta kiti na kuketi vizuri. Meza yenye upana wa 75 itabakiza 47 tu, na hapo kitanda kitakuwa ndicho kiti. Urefu wa meza ukiwa sentimita 90 unamtosha mwanafunzi mmoja na vitabu vyake. Kabla ya kuagiza, chora umbo la meza sakafuni kwa chaki, weka kiti, kisha fungua mlango na dirisha uone kama vinagonga. Meza isizuie dirisha kufunguka. Hewa ya chumba cha kulala ni afya ya wote wanaolala humo.

Siku hizi mafundi hutengeneza pia meza za pembetatu zinazoingia ndani kabisa ya kona. Zinapendeza, lakini tufanye hesabu. Yenye pande mbili za sentimita 90 ukutani ina ukingo wa mbele wa sentimita 127 hivi, na katikati huchomoza sentimita 64 kuelekea chumbani. Nafasi yake ya juu ni ndogo kuliko ya meza ya mstatili ya 90 kwa 50, na ile ncha ya nyuma huwa ghala la vumbi na kalamu zilizopotea. Sisi tungechagua ya mstatili. Wenye watoto wawili na sebule kubwa kidogo wanaweza kuagiza meza ya umbo la L, lakini kila mkono wake ufike sentimita 150, la sivyo viti vitagongana na watoto watagombana badala ya kusoma.

Kuhusu kimo, mtoto mwenyewe ndiye kipimo. Aketi, nyayo zikanyage sakafu, magoti yakunjwe sawasawa, mikono ilegee, viwiko vikunjwe. Uso wa meza uwe usawa wa kiwiko au juu yake kidogo sana. Mtoto mwenye kimo cha sentimita 120 hufaa kiti cha sentimita 31 hadi 35 na meza ya 53 hadi 59. Meza ya kulia chakula kwa kawaida ina 75, ambayo ni ya mtu mzima. Wakiwa wengi wanaotumia meza moja, itengenezwe kwa yule mrefu. Mdogo ainuliwe kwa mto mgumu kitini, na chini ya miguu yake liwekwe kasha, maana miguu inayoning'inia huchosha mgongo.

Mwanga nao una ubishi wake. Kusoma penye mwanga hafifu hakuharibu macho moja kwa moja, kama wengi wanavyodhani, ila huyachosha na kumfanya mtoto ainame. Taa ya umeme hutundikwa katikati ya dari. Anayeelekea kona huipa mgongo, na kivuli cha kichwa chake hulala juu ya daftari. Anayeandika kwa mkono wa kulia apate mwanga kutoka kushoto, wa kushoto kutoka kulia. Mtoto anayesogeza kitabu usoni hata mchana apelekwe kliniki ya macho.

Koroboi isikae kwenye meza ya kona kabisa. Hapo pana pazia, chandarua na karatasi, na moshi hauna pa kutokea. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wasihimizwe kutumia mafuta ya taa majumbani, kwa sababu ya moshi, moto na sumu yake. Taa ndogo ya sola inafaa zaidi. Mtoto akiungua, mmwagilie maji safi ya baridi, yasiyo ya barafu, kwa dakika 20, kisha mlete hospitali. Msimpake dawa ya meno wala unga. Akinywa mafuta ya taa, msimtapishe, maana yakiingia mapafuni hudhuru zaidi. Mleteni mara moja.

Mwambieni seremala azungushe pembe za meza na kuzipiga msasa, kwani kichwa cha mtoto anayejifunza kutembea huwa usawa wake. Rafu ya juu ikiwapo, ipigiliwe ukutani. Vanishi ikauke nje, harufu iishe, ndipo meza iingizwe chumbani.