Mushipa gani? Lugha ya ruhusa kabla ya katheta ya shingoni

Tuanze na sentensi ambayo kila msomaji wa jarida hili hapa Bunia angeielewa bila kamusi: "Mama, tutakutia serumu mu mushipa mukubwa ya shingo." Kwa sarufi ya Kiswahili chetu haina kosa. Kihusishi mu kimechukua nafasi ya -ni, na ya imechukua nafasi ya wa, kama tunavyosema kila siku sokoni. Shida iko kwenye maana. Shingoni kuna mishipa mikubwa miwili inayopita ubavu kwa ubavu: vena inayorudisha damu moyoni, na ateri inayopeleka damu kichwani. Sentensi haisemi upi. Na moja ya hatari ambazo daktari anapaswa kumweleza mama huyo kabla hajakubali ni kwamba sindano inaweza kuingia katika ule mwingine.

Katheta ya vena kuu ni mrija mwembamba unaopitishwa kwenye vena ya shingo, ya chini ya mtulinga au ya kinena. Ukiingizwa shingoni au chini ya mtulinga, ncha yake hufika karibu na moyo. Hutumika kwa mgonjwa mahututi, au kwa dawa kali ambazo zingeunguza vena ndogo za mkono. Njia inayofuatwa hadi leo ni ya Msweden Sven-Ivar Seldinger, ya mwaka 1953: sindano huingia, waya hupita ndani yake, sindano hutolewa, mrija hufuata juu ya waya. Tathmini moja ya kitabibu ya mwaka 2003 ilieleza kwamba zaidi ya 15% ya wanaowekewa katheta hizi hupata tatizo fulani. Basi maelezo ya kabla ya ruhusa si mapambo.

Neno mshipa limebeba mzigo mkubwa mno. Ni vena, ni ateri, ni neva (mshipa wa fahamu), ni kano inayouma mtu akibeba gunia, na huko pwani ni pia ugonjwa wa ngiri. Kamusi zina vena na ateri, lakini maneno hayo hubaki darasani. Ukimwambia mgonjwa "tunaweza kugusa ateri" umemwongezea sauti tu, hujamwongezea maana. Mimi napendelea kuanzia kwenye kitu ambacho mtu yeyote anaweza kukihisi kwa vidole: "mushipa yenye kupiga" na "mushipa yenye haipigi". Mwambie mama aweke vidole viwili shingoni mwake, pembeni ya koo. Ule unaopiga ndio tunaoukwepa. Tukiuchoma kwa bahati mbaya, damu itatoka kwa nguvu, tutaukandamiza, na shingo inaweza kuvimba. Hiyo ni tafsiri, ingawa haina hata istilahi moja.

Hewa nayo inasumbua. Madhara mawili tofauti kabisa yanaishia kwenye kirai kimoja, "hewa imeingia". Katika la kwanza, sindano imegusa pafu na hewa imekaa kati ya pafu na ukuta wa kifua, hivyo pafu linasinyaa. Katika la pili, hewa imevutwa ndani ya vena yenyewe na kukimbilia moyoni. Mu yetu, inayofaa karibu kila mahali, haitoshi hapa: "mu kifua" inaweza kuwa yote mawili. Lazima mahali pasemwe kwa urefu. Na mahali si jambo la wanasarufi tu. Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa 2015 ulikuta hewa ya kuzunguka pafu katika takriban 1.5% ya katheta za chini ya mtulinga, dhidi ya 0.5% za shingoni. Lakini maambukizi ya damu na kuganda kwa damu vilikuwa vichache zaidi chini ya mtulinga. Mgonjwa mwenye fahamu anaweza kuelezwa hilo, mradi sentensi zitofautishe.

Kisha kuna kitenzi. Kutoboa ndiyo kazi yenyewe na ndiyo ajali pia: tunatoboa ngozi kwa makusudi, tunatoboa pafu bila kutaka. Ajali ikishatokea, Kiswahili kinampa msemaji njia tatu: tumetoboa pafu, pafu limetobolewa, pafu limetoboka. Kauli ya kutendeka, ile ya -k-, humfuta mtendaji kabisa. Pafu linaonekana limejitoboa lenyewe, kama gurudumu la pikipiki. Naelewa kwa nini ulimi uliochoka unaikimbilia. Ila mji huu ulipitia mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020, na tunajua uvumi unavyojaza nafasi ya mtendaji aliyefutwa: familia itamtafuta, na itampata ndani ya dawa, ndani ya sindano, au kwa jirani. "Sindano yetu imegusa pafu, sasa tunaweka mrija wa kutoa hewa" ina mtendaji, ina mahali, na ina kinachofuata.

Siku ya kutoa katheta zinabaki amri tu. Mgonjwa hulazwa chali, huambiwa azuie pumzi mrija unapovutwa, kisha kidonda hukandamizwa, ili hewa isiingie. "Usipumue" ni amri ya kutisha kwa mtu aliyelala kitandani. "Toa pumzi, ngoja kidogo, sasa pumua" inasema jambo lile lile, na inamwonyesha mwisho wake.